Hapana ya Mama Bado

Habari za mtaa wetu huanzia bombani, na aliyezileta safari hii alikuwa jirani yangu mshonaji, ambaye sote tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Aliweka ndoo yake nyuma ya yangu, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Mama Tufe, umesikia? Mama Bado ndiye aliyewafundisha wageni kutunyima darasa."

"Nani kasema?"

"Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilikuwa nampelekea mapazia yake. Nafika dirishani pa jikoni, namsikia yule kijana mrefu anamwambia, 'Wewe ulitufundisha. Hapana, wewe ulitufundisha.' Au niliota?"

"Labda ulisikia vipande."

"Mwenzangu, nguo inashonwa kwa vipande." Alijicheka mwenyewe, kisha akashusha sauti. "Hebu fikiria. Wageni wakimaliza kujenga, watakuja kufanya nini tena? Na wasipokuja, nani atalala kwenye vile vitanda vyake?"

Ndoo yangu ilikuwa imejaa. Nilijitwika nikaondoka. Siku ile ya mapazia mimi nilikuwa humo humo jikoni nakunja mashuka, na maneno aliyoyasikia Redio yalisemwa kweli. Ila yeye alikamata mkia, kichwa hakukiona.

Nyumba ya Mama Bado imepakana na ua wa shule. Ina vyumba vitatu na jiko lililoongezwa baadaye, ndiyo maana sakafu ya jiko iko chini kidogo na kila mgeni lazima ajikwae siku ya kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Walikaa miaka mingi bila mtoto, kisha safari moja ikawa ndefu kuliko nyingine, na watu wakaleta habari kwamba ameoa huko mizigo inakoshushwa. Hakurudi kudai nyumba wala viatu vyake vya mvua. Mama Bado huvivaa mpaka leo akimwagilia mboga, vinampwaya, vinalia chwapu chwapu uani.

Jina lake lilitokana na jibu lake. Akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu, "Bado." Alijibu hivyo alipokuwa msichana, akajibu hivyo nywele zilipoanza kuwa na majivu, na anajibu hivyo hata sasa ambapo wa rika lake wanabeba wajukuu. Watoto wa shule, ambao hawana subira na majina marefu, wakamwita Mama Bado. Yeye akaitika.

"Afadhali mna 'Mama' ndani yake," aliniambia siku moja. "Wangeweza kuniita Bado tu."

Kila mwaka, vyuo vya nchi za nje vikifunga, kundi la wanafunzi huja kujitolea shuleni kwetu. Asubuhi wanafundisha watoto kusoma, kuhesabu, nyimbo na michezo, na mchana wanabeba mchanga na matofali kumsaidia fundi. Mwalimu mkuu hakuwa na pa kuwalaza, akamwomba Mama Bado, kwa kuwa aliwahi kufanya usafi hotelini na huko akaokota lugha yao, ile ya mataulo na chai ya asubuhi. Mimi huwafulia mashuka. Hufika na mdogo wake Tufe mgongoni, naanika, nakunja, natandika, naondoka. Tufe mwenyewe ni mwanangu wa kwanza, alizaliwa mviringo, na yuko darasa la kwanza.

Mchana, kazi ikipoa, Mama Bado huwakalisha wageni kwenye kizingiti cha jiko na kuwafundisha Kiswahili. Hana ubao wala kitabu. Ana kisu cha kumenyea viazi, na hicho ndicho anachonyooshea vitu. Somo lake la kwanza, kila mwaka, ni lile lile.

"Hapa kwetu usiseme hapana. Mtu akikuuliza kitu nawe huna, sema bado. Hapana ni mlango wa kupigiwa usoni. Bado ni mlango umerudishiwa tu, komeo halijatiwa. Mtu anaondoka bila kuumia."

Wageni walilipenda neno. Ni fupi, na halina herufi za kuwavunja meno. Walilitumia kama chumvi. Redio aligundua mapema, akawa anawasimamisha njiani kwa mchezo.

"Kijana, una mke?"

"Bado!"

"Umeshakufa?"

"Bado!"

"Wewe ni mwizi?"

"Bado!" anajibu mgeni kwa furaha, na sisi tunashika mbavu. Mama Bado naye alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jibu la mwisho lilichekesha kuliko yale mengine.

Mwaka jana wageni walimaliza chumba cha kwanza. Siku ya kukabidhi, wazazi tulikusanyika uani. Kiongozi wa wageni alikuwa binti mwenye miwani mikubwa, tuliyemwita Miwani. Mwenyekiti wa wazazi, ambaye ni fundi baiskeli na huongea kama anayejaza upepo, polepole kisha kwa nguvu, alishukuru sana, halafu akauliza:

"Na chumba cha pili je, binti yetu? Mtatujengea?"

Mwalimu mkuu alifungua mdomo atafsiri. Miwani akamzuia kwa mkono. Alikuwa ameelewa mwenyewe. Akasimama wima, akajibu kwa Kiswahili safi:

"Bado!"

Makofi yalipigwa, vigelegele vikapaa. Mama Bado aliyekuwa anagawa chai aliweka birika chini ili apate mikono ya kupigia makofi. Nilimtazama Miwani. Alikuwa anageuka huku na huku, anacheka, lakini nyusi zake zimepanda, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta bahari. Nilidhani ni haya.

Wageni walipoondoka tulianza kufyatua matofali. Chumba cha pili ndicho kingewatoa watoto wa darasa la kwanza kibarazani, ambako wanasoma wakiwa wamebanwa kati ya ukuta na nguzo, na mvua ikija kwa ubavu wanabeba vitabu vyao ndani ya fulana. Kila nyumba ilileta mikono yake. Tuliyapanga matofali nyuma ya shule, tukayafunika nyasi. Kuyachoma, mwenyekiti alisema tungoje.

"Wageni hupenda kushiriki," alisema. "Mwaka ule wa kwanza walikuta tumeshachoma, wakanuna kama watoto waliokuta harusi imekwisha. Tuwangoje waje na saruji yao, na mabati, tuchome pamoja."

Mwaka huu wakaja. Walikuwa wachache, na mkubwa wao alikuwa kijana mrefu ambaye watoto walimwita Ngazi kabla hata hajashusha begi. Walikuja na kalamu za rangi, mipira na kamba za kuruka. Saruji hatukuiona. Mwalimu mkuu alisema pengine wa kujenga wanakuja nyuma. Tukaangalia barabara.

Siku zikaenda. Watoto walijifunza nyimbo mpya. Tufe alirudi nyumbani akihesabu kwa lugha ya Ngazi, akikwama kila mara palepale na kuanza upya. Mawingu yakaanza kukaa upande wa milimani, na tofali bichi linajua maji kuliko samaki. Likinyeshewa linarudi kuwa udongo.

Ndipo siku ya mapazia. Mama Bado alikuwa anamenya viazi, Ngazi ameketi kwenye kizingiti, magoti yamemfika mabegani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mashuka.

"Ngazi, mwanangu," Mama Bado alimwuliza, "wenzenu wa saruji watafika lini?"

"Wenzetu gani, Mama?"

"Wa kujenga chumba cha pili."

Ngazi alifikiri, akitafuta maneno moja moja. "Mama, chumba cha pili, hakuna. Kujenga, imekwisha. Miwani alisema mwaka jana. Mbele ya watu wote."

"Alisema nini?"

"Alisema bado." Akatabasamu, maana lilikuwa jambo alilopenda kulisimulia. "Alirudi chuo, akatuambia: watu wale ni wazuri sana. Unawaambia hapana, wanapiga makofi."

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea, lakini maganda yakawa yanatoka manene, nusu ya kiazi inaanguka nayo.

"Bado," alisema Mama Bado. "Kwenu hilo ni neno gani?"

"Ni hapana. Hapana ya adabu." Ngazi alianza kuona kwamba kuna kitu. "Sivyo? Mama, mimi nimekosea?"

"Hujakosea."

"Wewe ulitufundisha. Hapana, wewe ulitufundisha: hapana mbaya, bado nzuri."

Na hapo ndipo Redio alipokuwa amefika dirishani na mapazia.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshonewa ile nguo. Watu hawakumtukana Mama Bado. Walimsalimia kwa ufupi, ambayo ni adhabu mbaya zaidi kwa mtu anayependa salamu ndefu. Dada wa genge alimpimia vitunguu bila kumwuliza habari za wageni.

Kesho yake mwenyekiti mwenyewe alikuja, mikono ikiwa na grisi. Alisimama uani kwa heshima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimesikia maneno, nami si mtu wa maneno. Nimekuja kwenye kisima chenyewe. Wageni wa saruji vipi?"

Nilikuwa naanika. Nilishika kibanio mkononi nikakiacha hapo. Mama Bado alifungua mdomo. Niliona kabisa kwamba neno lenyewe alilikusudia, alilipandisha mpaka kooni.

"Bado, kaka."

"Basi sawa," alisema mwenyekiti, uso ukamlegea kwa nafuu. "Tunangoja. Nitawaambia wasichome. Kuna wenye haraka wanataka kuchoma wiki hii, nitawatuliza."

Akaenda. Mama Bado aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikuja nikaketi karibu naye, mtoto mapajani.

"Umenisikia?" alisema.

"Nimesikia, mama."

"Mvua ikinyesha wiki hii, matofali yale ni mimi niliyeyayeyusha."

"Si umwite arudi umwambie?"

"Ulimi, mwanangu. Ulimi umelala upande mmoja muda mrefu." Akamtazama mtoto wangu, akamfuta udenda kwa ncha ya kanga. "Mama mkwe alikuwa akija kila mavuno. Hajaketi, anauliza, 'Vipi, bado?' Nami nasema, 'Bado, mama.' Anakula, anaondoka. Ningesema hapana, angemwambia mwanawe siku hiyo hiyo. Bado ilinikalisha ndani ya nyumba hii miaka kadhaa zaidi. Nikaona ni neno zuri, la kumpa mgeni."

Alijaribu kujizoeza. Nilimwona na karibu nicheke. Muuza mkaa alipita akaita, "Mama, mkaa leo?" na gunia la Mama Bado jikoni limejaa. "Ba...," alisema, "ha..., ba..., pita tu, baba." Muuza mkaa akaniuliza pembeni kama mama anaumwa jino.

Siku ya mkutano wa wazazi ilifika. Tuliketi ndani ya kile chumba cha kwanza, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga chini ya meza. Rangi ya kuta ilikuwa mpya, Ngazi na wenzake walikuwa wamechora herufi kubwa zenye macho na miguu. Wageni walikaa nyuma kabisa. Dirishani mawingu yalikuwa yameshuka, na upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa kutoka mahali pengine.

Ajenda ilikuwa matofali. Baba mmoja mbeba mizigo alisimama akasema kuni zipo, tuchome kesho, kungoja kutatutia hasara. Mwenyekiti akasema tusikimbie, wageni wanakuja.

"Nani amesema?" akauliza mbeba mizigo.

"Dada yetu hapa. Nilimwuliza kwa mdomo wangu, akasema bado."

Shingo zote ziligeuka. Redio akasema, kwa sauti ya kunong'ona ambayo husikika mpaka barabarani, "Si tumwulize tena, tusikie leo anasemaje."

Mama Bado alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, lile la kola nyeupe. Aliangalia herufi ukutani, akaangalia wageni, akaangalia mikono yake. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole, "Dada, wageni watajenga au vipi?" Midomo yake ikakutana kutengeneza ile herufi ya kwanza, ile B. Niliiona. Akaifumba, akaimeza. Akanigeukia.

"Mama Tufe," alisema. "Niulize wewe. Mwenyekiti ni mtu mkubwa, akiniuliza naogopa kumuumiza. Wewe umenisikia nikisema uongo kwa adabu. Niulize."

Sijazoea kusimama mbele ya watu. Nilisimama na mtoto begani, naye akachagua wakati ule ule kucheua.

"Mama," nikasema, "wageni watajenga chumba cha pili?"

"Hapana."

Lilitoka dogo na kavu, kama mbegu. Nyuma, Ngazi aliinamisha kichwa. Sasa aliyajua yote, maana tangu siku ya mapazia alikuwa amemwuliza kila mtu tofauti ya yale maneno mawili.

"Na ni wewe uliyewafundisha?" aliuliza Redio, lakini hakuuliza kwa ushindi kama nilivyotegemea. Nadhani alitarajia kukanushwa.

"Ni mimi. Niliwafundisha kwamba bado ni hapana ya adabu. Yule binti aliwajibu ukweli, ninyi mkapiga makofi. Nami nikapiga. Niliwapa neno jinsi ninavyolitumia mimi, nikasahau kwamba ninyi mnalitumia mnavyolitumia ninyi."

Wa kwanza kuelewa walikuwa wanawake. Niliona maana ya ile bado yake inavyopita kutoka dawati hadi dawati, wanamtazama, kisha wanatazama pembeni. Wanaume walichelewa kidogo kwa sababu walikuwa wanafikiria saruji.

Mwenyekiti alijikuna shingo, akajiachia alama ya grisi. "Kwa hiyo mwaka mzima tumengoja neno."

"Mmengoja neno, kaka. Nisameheni. Jana ulipokuja ningeweza kusema, sikusema."

"Si jana, ni juzi," alisema mwenyekiti.

Mbeba mizigo alisimama tena. "Mimi naomba tuondoke humu. Mvua haina adabu, haitatuambia bado."

Mtu akacheka, kisha wawili, kisha dawati likavunjika chini ya baba mmoja mnene na chumba chote kikacheka. Mkutano ukaisha hivyo, bila azimio kuandikwa. Ilikubalika tu kwa miguu kwamba tunachoma. Mabati ya kibaraza yatahamia chumba kipya, na udongo utakuwa saruji mpaka saruji ipatikane.

Tulipanga tanuru asubuhi iliyofuata. Wageni walikuja bila kuitwa. Waliacha kalamu za rangi darasani, wakajipanga mstari pamoja nasi, tofali likatoka mkono hadi mkono, la mama, la mgeni, la baba, la mgeni. Ngazi alipewa kazi ya juu, kwa kuwa hakuhitaji kupandia chochote. Redio alimwuliza kutoka chini, "Kijana, umechoka?"

Ngazi alisimama na tofali mkononi, akafikiri kwa muda mrefu.

"Ndiyo," akasema.

Redio alimpelekea maji.

Moto ukawashwa, tukafunga mdomo wa tanuru, moshi ukaelemea upande wa kibaraza na watoto wakakohoa wakifurahi kwamba masomo yamekatizwa. Matone machache yalidondoka, yakafikiri, yakaacha. Tanuru likishashika moto, mvua inaweza kuja itakavyo.

Mama Bado alikuwa ameketi juu ya jiwe, na vile viatu vya mvua vya mumewe miguuni, vimejaa majivu. Watoto wa darasa la kwanza walipita mbio, Tufe akiwa katikati yao. "Mama Bado! Mama Bado! Moto!" Yeye akaitika, akawapungia. Walipopita, mkono wake ukabaki juu kidogo, kisha akaurudisha magotini.

"Mama Tufe," aliniita.

"Abee, mama."

"Kesho unakuja kufua?"

"Nakuja. Mashuka yote yameshika moshi."

Alinyoosha mkono akavuta kanga ya mtoto mgongoni mwangu, akaifunika miguu yake iliyokuwa nje.

"Ukija, ukiwa unaanika, tukiwa wawili tu, niulize lile jingine. Lile la mama mkwe. Uniulize taratibu, kama ulivyoniuliza jana."